Tanuri la Pipa kwa Krismasi ya Mbweni

Jumamosi, 12 Oktoba 2024

Naanza kuandika leo, kabla sijanunua hata msumari, ili atakayetaka kutengeneza tanuri kama hili aone na gharama za makosa.

Kazi yenyewe ni hii: ifikapo tarehe 24 Desemba, uwani kwetu Mbweni, Unguja, pawe na tanuri la mkaa linalooka mikate minne ya mayai kwa pamoja. Nahitaji mikate 12. Wa nyumbani tutakuwa 27, na sinia za majirani ni 6. Marehemu Bibi alikuwa akioka kwa sufuria na jiko moja, moto chini na makaa mengine yamepaliwa juu ya bati, na kila mkate ukimchukua kama dakika 45. Mikate 12 ni saa 9 mbele ya moto. Bibi akizikaa zote. Akianza alfajiri ya tarehe 24, akimaliza alasiri, akioga, akavaa, tukaenda mkesha kanisani Mkunazini.

Mke wangu ameniuliza, tena kwa haki, kwa nini tusioke kwa oveni ya umeme iliyomo ndani. Nimemkumbusha Krismasi ya 2009. Tangu Desemba ile hadi Machi 2010 Unguja nzima ilikaa bila umeme, kwa hitilafu ya njia inayoleta umeme kutoka bara. Mtaa mzima oveni zilikuwa makabati ya kuwekea sufuria. Kwa Bibi hakikupungua kitu. Mikate ilitoka ileile, tukaila kwa mwanga wa kandili, na kwa watoto wengi wa ukoo wetu ndiyo Krismasi wanayoikumbuka kuliko zote.

Bibi alifariki 2013. Tangu hapo kila mtu anakula sikukuu kwake: Dar es Salaam, Tanga, Chake Chake. Mwaka huu tumekubaliana kurudi, na mimi nimeahidi mkate.

Jumamosi, 19 Oktoba

Pipa la chuma la lita 200, Mwanakwerekwe, shilingi 45,000. Muuzaji aliniambia lilikuwa la mafuta ya kupikia. Nililinusa nikasita, nikanunua. Kosa la kwanza.

Mpango: pipa lilale kwa ubavu, upande mmoja wa duara uwe mlango wenye bawaba. Ndani, katikati, wavu uliokaa juu ya nondo. Moto wa chini uwe nje, chini ya tumbo la pipa. Moto wa juu ukae kwenye bati lenye kingo lililochomelewa mgongoni. Kwa hivyo moshi hauingii ndani kabisa, na mkate unapata joto pande mbili kama kwenye sufuria ya Bibi.

Fundi wa kuchomelea alilijaza pipa maji kwanza kabla ya kuligusa, kwa sababu mvuke wa mafuta uliobaki ndani unaweza kulipuka. Fundi akitaka kuiruka hatua hii, mchukue pipa lako uondoke. Ufundi 60,000, nondo na wavu 28,000.

Jumamosi, 26 Oktoba

Jaribio la kwanza lilikuwa mwanzoni mwa wiki. Mkate ulipanda vizuri, ukapata rangi, na ulipokatwa ukanuka gereji. Mayai 10 tumewapa kuku.

Nilikuwa nimelichoma pipa mara moja tu kwa kuni chache. Haitoshi. Wiki nzima hii nimelichoma upya mara mbili, limejazwa makumbi na vifuu mpaka chuma kikawa cheupe kwa majivu, kisha nikalisugua kwa mchanga na sabuni. Moto wa vifuu ni mkali sana. Fanya mbali na makuti na mbali na nguo za watu.

Namna ya kujua harufu imekwisha: tia kipande cha mkate mweupe wa dukani ndani ya pipa likiwa vuguvugu, funga mlango, lala. Mkate unanyonya harufu kuliko pua. Asubuhi unuse. Cha kwangu cha mara ya kwanza kilinuka bado. Cha mara ya pili hakikuwa na kitu, na mtoto alikitia kwenye chai kabla sijamzuia.

Jumamosi, 2 Novemba

Leo ingeweza kuwa siku mbaya.

Pipa nilikuwa nimeliegemeza juu ya mawe manne ya matumbawe, maana uwani yamejaa tele na hayana gharama. Mvua za vuli zilikuwa zimeyarowesha siku tatu. Baada ya kama nusu saa ya moto jiwe moja lilipasuka kwa kishindo, kipande kikapiga mlango wa pipa ukabonyea. Mtoto wa jirani alikuwa amesimama hatua tano hivi kutoka hapo. Nilizima moto, nikakaa chini mpaka mikono ikatulia.

Sikufikiri, ilhali najua. Jiwe la matumbawe lina vitundu, linakunywa maji, na maji yakichemka ndani hayana pa kutokea. Hata likiwa kavu si la kukalisha motoni: mawe haya ndiyo yaliyokuwa yakichomwa tanuruni kupata chokaa ya nyumba za Mji Mkongwe. Ukiyapikia siku nyingi yanageuka unga. Nimemrudishia fundi pipa alitie miguu ya chuma, 25,000. Na nimechora mstari kwa majivu hatua kumi kutoka kwenye moto. Mtoto havuki.

Jumapili, 10 Novemba

Joto lilikuwa linapotea ubavuni. Nimelikandika pipa udongo mwekundu uliochanganywa na majivu na nyuzi za makumbi, unene wa vidole vinne. Udongo bure, gari la ng'ombe 10,000.

Mara ya kwanza nililiacha juani likauke upesi. Siku ya pili lilikuwa na nyufa za kuingia kidole, na usiku mvua ikauporomosha ubavu wa kusini wote. Nimebomoa, nimeponda, nimekandika tena, safari hii chini ya kibanda cha makuti (miti na makuti 32,000), na gunia bichi juu yake siku sita. Limekauka polepole bila ufa wa maana. Jenga kibanda kwanza. Mimi nilikiona kama pambo la mwisho, kumbe ndicho cha kuanzia.

Jumamosi, 23 Novemba

Tanuri linashika joto. Mkate haukubali.

Nimeoka miwili. Wa kwanza chini mweusi, juu mbichi. Nikamwaga mchanga ndani ya tumbo la pipa, unene wa vidole vitatu, ili joto lisambae, nikaongeza makaa juu. Wa pili ukaiva juu, chini bado umeungua, na ndani umekaa kama ugali: haukupanda. Mayai 20 kwa siku moja. Treya nilizonunua Darajani, nne kwa 24,000, ni bati jepesi, zimepinda kwa moto.

Nilikuwa nimekaa nazitazama nikasikia sauti ukutani: "We mwana, huo moto wako una hasira." Ni Bi Somo.

Wasiotujua: Bi Somo ni jirani yetu wa ukuta mmoja. Yeye na Bibi waliitana somo maisha yao yote, na sisi watoto tukalishika hilo kama jina lake. Yeye Mwislamu, sisi Waanglikana. Idi sinia lake lilikuja kwetu, Krismasi letu likaenda kwake, na kawa ya kufunikia sinia haikuwahi kurudi bila kitu chini yake. Tangu 2013 sisi ndio tulioacha kupeleka. Yeye hajaacha.

Nilimwamkia, "Shikamoo, Bi Somo." Akajibu, "Marahaba, mwanangu. Jumamosi ijayo nnakuja. Mayai yasitiwe friji."

Jumamosi, 30 Novemba

Hii ndiyo siku ya kusoma kwa makini kwa anayetaka kuiga.

Bi Somo alikuja asubuhi na mjukuu wake amebeba kitu kizito ndani ya gunia. Alikaa kwenye kibao cha mbuzi, akaliangalia tanuri kimya kwa muda mrefu, akasema ni zuri. Kisha akasema, "Mkate ule si wa bibi yako peke yake. Mie nilimfundisha moto, yeye alinifundisha mayai. Wewe unataka kuoka nusu."

Mayai kwanza. Kumi, yametoka kabatini, si frijini, maana mayai ya baridi hayaumuki. Sukari gramu 300, unga gramu 300 uliochungwa mara mbili, hiliki ya kutwanga wakati uleule. Hamira haimo, wala baking pauda. Kinachopandisha mkate ni pumzi iliyomo ndani ya mayai tu. Kwa hivyo unapiga mayai na sukari mpaka yageuke meupe na mazito. Mimi nilikuwa napiga dakika 10 nikaona tayari. Aliinua mchapo, mayai yakachuruzika kama uji, akatikisa kichwa. Tulipiga kwa zamu, mimi na mjukuu wake, dakika 35 kwa saa ya ukutani. Kipimo chake: inua mchapo uandike mstari juu ya mayai. Mstari ukibaki unaonekana mpaka umalize kusema "Bismillahi Rahmani Rahim", basi. Unga unatiwa kwa konzi, unageuzwa kwa mkono uliofunguliwa, kutoka chini kuja juu, bila kuzungusha. Ukizungusha unaitoa pumzi yote uliyoihangaikia. Ndiyo sababu mkate wangu ulikuwa ugali.

Halafu moto. Hapa nilitoa daftari. Anaweka kipande cha bati kwenye wavu, anafunga mlango, anangoja bati lipate moto sawasawa, kisha ananyunyiza konzi ndogo ya unga juu yake na kufunga tena. Anasoma Kulhuwallahu mara tatu, kwa kutua. Anafungua. Unga ukiwa bado mweupe, moto mdogo. Ukiwa rangi ya karafuu kavu, moto mkali, punguza chini. Ukiwa rangi ya chai ya maziwa, tia mkate. Nikamuuliza Bibi alikuwa akipimaje. Akasema, "Yeye akisoma Baba Yetu, mara moja. Tulilinganisha. Vinakwenda sawa."

Nimejaribu baadaye, peke yangu, na saa mkononi. Vinakwenda sawa kweli, kama nusu dakika hivi, mradi usikimbilie Amina.

Na makaa: theluthi moja chini, theluthi mbili juu. Mimi nilikuwa nimegeuza. Nilidhani chini ndiko kunakopika.

Mwisho akamwambia mjukuu afungue gunia. Ndani mlikuwa na treya nne za chuma kizito, nyeusi, za duara. Nilizijua kabla hazijamaliza kutoka. Moja ina kishikio kilichofungwa waya, na waya ule alifunga baba yangu. Bibi alimwazima Bi Somo kwa Idi ya 2012. Mwaka uliofuata akafariki, nyumba ikajaa watu wa matanga, na Bi Somo hakuona uso wa kuja kusema kuna treya. Kisha sisi tukatawanyika. Kila mwaka amezipaka mafuta ya nazi zisishike kutu, akazirudisha mvunguni. "Nilingoja mje kuchukua," alisema. Miaka kumi na moja.

Sikuweza kumjibu. Nilikwenda kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

Mkate uliokwa ndani ya treya ile ya waya. Dakika 42. Chini rangi ya hudhurungi, juu umepasuka kidogo katikati kama inavyotakiwa, ndani laini. Kwa hiyo sababu za kuungua chini zilikuwa mbili: makaa kupinduliwa na treya nyepesi. Usinunue bati jepesi kama nilivyofanya. Tafuta chuma kizito, hata kikuukuu.

Jumamosi, 14 Desemba

Mikate 4 kwa pamoja. Miwili ya nyuma imeiva dakika 40, miwili ya mlangoni imebaki rangi hafifu. Dawa: dakika ya 25 fungua haraka, badilisha nafasi, funga. Kabla ya hapo usifungue hata kwa sekunde. Mkate mmoja tumekula, mitatu imekwenda kwa majirani kama salamu ya kwamba tumerudi.

Jumatatu, 23 Desemba

Leo sikuoka. Leo nimekwenda bandarini Malindi mara tatu na uwanja wa ndege mara moja.

Wa Dar walikuja kwa boti ya asubuhi, wa Tanga walipitia Dar wakaja ya mchana. Shangazi wa Chake Chake ndiye tuliyemhofia. Usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011 meli iliyokuwa ikitoka Unguja kwenda Pemba ilizama karibu na Nungwi na mamia ya watu, na katika mtaa wake waliondoka wengi. Tangu siku ile hajapanda chombo cha bahari. Alikuja kumzika Bibi kwa ndege, hakuja tena. Mwaka huu tumechangishana nauli ya ndege ndogo kutoka Pemba, haimo kwenye hesabu ya tanuri. Alishuka ameshika kikapu cha shokishoki na mfuko wa karafuu mpya. Aliponikumbatia nikanusa Pemba yote.

Mimi mwenyewe nilikulia Mkoani, Pemba, baba alipokuwa akifanya kazi huko. Desemba tukipanda meli jioni, mama akitulaza juu ya mkeka kwenye sitaha, na msimu ukiwa wa karafuu magunia yake yakituzunguka. Mkondo wa Nungwi ulipofika tulijua hata usingizini, maana meli ilianza kuinama na mama akitushika miguu. Alfajiri tukiiona minara miwili ya kanisa la Mtakatifu Yosefu na misikiti ya mji inatoka kwenye ukungu. Kutoka Malindi hadi Mbweni sikumbuki njia. Nakumbuka tu uwani kwa Bibi, moshi, na kwamba tulikuwa haturuhusiwi kuugusa mkate mpaka tumekwenda kusimama naye mlangoni kwa kanisa la Mtakatifu Yohana.

Hapo alikuwa akituambia jambo moja kila mwaka. Kwamba bibi yake yeye aliletwa Mbweni mtoto, katika miaka ya 1870, miongoni mwa waliokombolewa kutoka kwenye majahazi ya watumwa. Hakujua kijiji chake, hakujua jina la mama yake. Watoto wenzake wa misheni nao hivyohivyo. Sikukuu ilipofika hawakuwa na pa kurudi. "Basi akaapa," Bibi akisema, "wa kwake watakuwa na pa kurudi, na watakuta kitu cha moto." Kisha ndiyo tunakula.

Shangazi amewasimulia watoto jioni hii, palepale mlangoni. Niliona anapoteza neno moja, nikamsaidia.

Jumanne, 24 Desemba

Moto umewashwa saa 11 alfajiri. Bi Somo amekaa kwenye kibao chake, shangazi pembeni. Wamelia kidogo, wamecheka sana.

Zamu ya kwanza mikate 4, safi yote. Zamu ya pili mpwa wangu alifungua mlango dakika ya 15 kutazama, mmoja ukaanguka katikati kama sahani. Zamu ya tatu mvua ilinyesha kwa upepo, makaa ya juu yakalowa, ikabidi nipalie upya, dakika 65. Imeiva hata hivyo, kavu kidogo kingoni. Mwakani bati la juu litafunikwa kwa kipande cha bati kingine.

Mikate 12 iliisha saa 4 asubuhi. Bibi angekuwa na wa saba. Uliobonyea tumeula kwa chai. Sinia 6 zimetoka na watoto chini ya kawa, ya kwanza ukuta wa pili, na shangazi mwenyewe ndiye aliyeibeba.

Usiku, Mkunazini. Jiwe la msingi la kanisa lile liliwekwa siku ya Krismasi ya 1873, mwaka uleule soko la watumwa lililokuwa hapo lilipofungwa. Tulikaa safu tatu nzima.

Alhamisi, 26 Desemba

Hesabu. Tanuri lenyewe: pipa 45,000, ufundi 60,000, nondo na wavu 28,000, miguu 25,000, kuleta udongo 10,000, kibanda 32,000. Jumla 200,000. Majaribio: mayai trei tatu 33,000, unga na sukari 15,600, treya mbovu 24,000, jumla 72,600. Mkaa mapolo mawili 70,000, na bado limebaki kama robo polo. Vitu vya mikate 12 ya sikukuu: mayai trei nne 44,000, unga kilo nne 8,800, sukari kilo nne 12,000, hiliki 10,000, yaani 74,800. Yote kwa yote 417,400, tumegawana watu wazima tisa.

Ukandikaji una ufa mmoja mpya karibu na mlango, nitauziba kwa udongo uleule mvua zikikatika. Bawaba ya chini imelegea.

Kawa ya Bi Somo imerudi jana na halua chini yake. Leo asubuhi nimempelekea treya mbili, pamoja na ile ya waya. Mbili zimebaki kwetu. Alizikagua, akauliza nani kazipaka mafuta, nikamwambia mimi, akaziweka mvunguni. Idi inatarajiwa mwisho wa Machi. Tumekubaliana ataoka kwenye pipa, na mayai nitapiga mimi.